Wese Likipanda, Penzi Lishuke?

Magari mawili, mishahara miwili na siri moja kwenye simu. Mhariri wako anasimulia jinsi bei ya mafuta ilivyoingia mpaka chumbani.

Tuseme ukweli, mpenzi msomaji. Ukiambiwa utaje mambo yanayoweza kuleta zogo ndani ya nyumba, utataja simu za usiku, mawifi, au yule wa zamani anayejifanya kutuma salamu za sikukuu. Visima vya mafuta kule Ghuba ya Uajemi hutavitaja. Mimi pia nisingevitaja, mpaka Agosti 2022.

Mwezi huo bei kikomo ya petroli Dar es Salaam iliyotangazwa na EWURA ilivuka shilingi 3,400 kwa lita, na hapo serikali ilikuwa imeshatenga ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni. Nyumbani kwetu tulikuwa na mikoko miwili, wangu mdogo, wake mkubwa. Ofisi zetu zote ziko katikati ya mji, unatoka moja hadi nyingine kwa miguu. Lakini kila asubuhi tulitoka getini tukifuatana kama msafara wa harusi. Tuliita uhuru.

Kila Jumapili jioni mume wangu alichukua ufunguo wangu, akaaga anakwenda kujaza tairi upepo, akarudi na tanki limejaa. Nilijisifu kwa mashosti kwamba mwanaume anayejali ndiye huyu. Kisha siku moja simu yangu ikazima, nikaazima yake kutuma pesa. Ujumbe ukaingia: mkopo wako umepita tarehe ya kulipa. Nikapandisha juu kidogo. Kulikuwa na mikopo mitano, yote ya Jumapili, tangu Mei.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mke wangu? Kwamba mumeo ameshindwa kukujazia tanki?"

Tulinuniana siku tatu.

Shida si mumeo peke yake

Bei ya 2022 ilipandishwa zaidi na vita vya Urusi na Ukraine vilivyoanza Februari mwaka huo. Lakini hata vita vikiisha, kuna jambo moja halibadiliki. Mafuta yalichukua mamilioni ya miaka kutengenezwa chini ya ardhi, na kisima kinazeeka. Mwanzo yanatoka kwa nguvu, baadaye msukumo unapungua na gharama ya kuyatoa inapanda.

Mwaka 1956 mtaalamu wa miamba wa Marekani, M. King Hubbert, alikadiria kwamba uzalishaji wa nchi yake ungefika kileleni miaka ya 1965 hadi 1970, kisha ushuke. Ulifika kileleni 1970, ukashuka kwa miongo kadhaa. Uingereza nayo ilifika kileleni 1999 kwenye visima vyake vya baharini. Indonesia, mwanachama wa OPEC tangu 1962, ilijiondoa mwishoni mwa 2008 kwa sababu ilikuwa inanunua mafuta nje kuliko inavyouza.

Wapo watakaokwambia Hubbert alikosea, kwa sababu mwaka 2018 Marekani ilivunja rekodi yake ya 1970. Ni kweli, ila iliivunja kwa kupasua miamba migumu kwa maji yenye presha kali. Mafuta rahisi yalishachotwa. Sisi Tanzania tunaagiza mafuta yote ya magari kwa meli. Wenye visima wakipiga chafya, sisi tunalazwa.

Muulize mama yako

Kama wazazi wako walikuwa vijana wa mjini baada ya vita vya Kagera, waulize kuhusu Jumapili zao. Nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia mafuta, na magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Mama yangu anasimulia huku anacheka. Baba alikwenda kumtembelea kwa miguu, shati limelowa jasho, na kwa kuwa hapakuwa na gari la kumrudisha mapema, walikaa barazani wakiongea hadi giza. "Ndipo nilipomjua," anasema.

Huko Cuba ilikuwa kali zaidi. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika 1991, mafuta ya bei nafuu yalikatika. Serikali ikaagiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China, malori yakafungwa mabehewa ya kubebea abiria, na viwanja vitupu vya Havana vikageuzwa bustani za mboga. Usidanganyike kwamba ilikuwa raha, maana watu walikonda kwa njaa. Ila waliojipanga na majirani walivuka.

Kaeni mezani

Siku ya nne nilichukua kalamu na karatasi, nikamketisha mume wangu. Tunaishi kama kilomita 25 kutoka kazini. Kwenda na kurudi ni 50. Gari likitumia lita moja kwa kilomita 10, hizo ni lita 5 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni lita 110. Ukizidisha kwa shilingi 3,400 unapata 374,000. Kwa magari mawili ni 748,000, kabla ya foleni, matengenezo na maegesho. Tulitazamana. Ile "uhuru" yetu ilikuwa inakula kiasi kile tulichokuwa tunasema hatuna cha kumalizia nyumba.

Tuliuza gari. Nilitegemea angesema tuuze la kwangu. Akasema, "Tuuze langu. Mimi ndiye niliyeficha." Nilimwona akilisindikiza kwa macho mpaka lilipokata kona, na sikumtania.

Sitakudanganya kwamba mambo yakawa mteremko. Wiki ya kwanza tuligombana kila asubuhi, maana yeye huamka saa kumi na moja na mimi natafuta hereni hadi saa kumi na mbili na nusu. Siku anazochelewa kazini mimi hupanda basi na kufika nyumbani gauni limekunjamana. Lakini zile saa mbili za foleni tunakaa pamoja, simu zikiwa kwenye pochi. Hapo ndipo aliponieleza kuhusu deni lote. Lilitugharimu miezi saba kulimaliza.

Mnaweza kuanza hapa

* Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei, kaeni dakika kumi mpange bajeti ya wese ya mwezi huo.
* Wekeni nauli na mafuta kwenye fungu moja la nyumba, lisiwe "lako" na "langu".
* Kama mko njia ya mwendokasi, iliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, jaribuni siku mbili kwa wiki kabla ya kuamua lolote.
* Mnafikiria kufunga mfumo wa gesi asilia? Gesi yetu ya Songo Songo ilianza kutumika 2004, na kwa kilomita ni nafuu kuliko petroli. Ila mtungi unakula buti, na ulizeni kwanza kituo cha kujazia kiko umbali gani. Nayo, kama mafuta, haitadumu milele.
* Mnataka wikiendi ya wawili? Treni ya umeme inafika Morogoro na Dodoma tangu 2024. Hakuna dereva, kwa hiyo hakuna wa kununa.
* Kabla ya kupanga nyumba mpya, hesabuni kodi pamoja na nauli. Nyumba ya bei poa iliyo mbali inaweza kuwa ghali kuliko mnavyodhani.
* La mwisho na kubwa: mkopo wowote wa kuficha aibu ni aibu mbili. Semeni mapema.

Mafuta yatapanda, yatashuka, yatapanda tena. Jumapili hii mume wangu kachukua ufunguo, kasema anakwenda kujaza tairi upepo. Nikavaa ndala, nikamfuata. Safari hii tulilipa nusu kwa nusu.