Kisu cha Vita: Cha Kweli au cha Kuigiza?

Wako watu wakusanyao silaha za zamani, nao hutoa fedha nyingi kwa kitu kidogo. Penye fedha hapakosi walaghai. Leo twapenda kuwaelezeni habari za silaha moja tu, yaani kisu cha makomando wa Uingereza kiitwacho Fairbairn-Sykes.

Waliokibuni ni W. E. Fairbairn na E. A. Sykes, waliokuwa zamani katika polisi ya Shanghai. Mwezi wa Novemba 1940 walipeleka shauri lao kwa Wilkinson Sword wa London. Visu vya namna ya kwanza ndivyo adimu, navyo huigwa sana. Chuma cha kukinga vidole kimepindwa mfano wa herufi S, na mpini ni wa shaba ya manjano. Karibu na mpini, ubapa una mraba ulioachwa bila kunolewa, na juu yake jina la mtengenezaji limechorwa kwa dawa kali. Visu vilivyofuata havina mraba ule, na chuma cha kukinga vidole kimenyooka.

Basi, mlaghai aweza kukipinda chuma hicho kwa nyundo. Lakini chuma kilichokwisha kuondolewa na tupa hakirudi. Akitaka kuufanya mraba, hana budi kupunguza tena, na mahali pale patakuwa pembamba kupita kiasi. Kwa hiyo tazameni unene kwanza, jina baadaye. Jina aweza kuliandika ye yote.

Kisha leteni sumaku. Shaba haivutwi, mpini ukinaswa kwa nguvu, huenda ni chuma kilichovikwa shaba. Kutu nayo itazameni. Kutu ya siki na chumvi huenea sawasawa kila mahali, bali mkono wa mtu hulainisha palipoinuka, na uchafu hubaki mifuoni. Hadithi za babu yake muuzaji hazipimwi kwa sumaku, afadhali kuziacha.

Wala si kila kisu kipya ni hila. Visu vya namna ya tatu, vyenye mpini wa pete-pete, vilianza mwaka 1943, na vya mfano huo vingali vikitengenezwa Sheffield na kuuzwa kwa haki. Hila ni kusema kwamba vilitoka vitani.

Aliyepata cha kweli asikisugue kwa msasa, maana atafuta alama zile zile zinazokishuhudia. Akipake mafuta kidogo, akiweke nje ya ala, kwani ngozi hushika unyevu.