Ugonjwa wa Sikoseli: Si Chira, na Si Kosa la Mama



Katika ziara zetu upande wa ziwa tulikuta kikundi kimoja cha akina mama kikijadili kumtoa mwanachama. Kosa lake lilikuwa kukosa mikutano minne, na pesa zake za mzunguko zilikuwa hazijaletwa. Tulipouliza sababu, mmoja alisema, "Huyu kila wiki yuko hospitali. Amezika watoto wawili, na wa tatu naye ni mgonjwa. Pale kwake kuna chira." Mama mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, mtoto mgongoni, hasemi neno. Baadaye alituambia kwamba ndugu za mume wake wanamshauri mume aoe mwingine, maana damu ya huyu eti si nzuri.

Tuliomba kuona kadi ya mtoto. Ilikuwa imeandikwa sikoseli. Mama ameibeba kadi hiyo mwaka mzima na hakuna aliyemweleza neno hilo maana yake ni nini. Ndiyo sababu tunaandika makala haya.

MTU HURITHI NINI?

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa seli. Ndani ya seli kuna maagizo yanayoitwa jeni, kama vile fundi anavyokuwa na mpango wa nyumba. Jeni za binadamu ni kama 20,000 hivi. Karibu kila agizo tunalo mara mbili: moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kwa hivyo mtoto hawezi kuwa wa damu ya upande mmoja tu.

Agizo moja linaonyesha jinsi ya kutengeneza himoglobini, kitu kinachofanya damu iwe nyekundu na kubeba hewa mwilini. Kwa watu wengine agizo hili lina kosa dogo. Mtu akiwa na agizo moja lenye kosa na moja zima, huwa hana ugonjwa. Tunamwita mbebaji. Analima, anazaa, anazeeka, na pengine hajui kamwe. Lakini mtoto akipata agizo lenye kosa kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama, huyo ana sikoseli.

Chembe nyekundu za mtu mzima wa afya ni laini na za mviringo, na huishi siku 120 hivi. Za mgonjwa hujikunja kama mundu wa kukatia nyasi, zikawa ngumu, zikafa baada ya siku 10 mpaka 20. Ndiyo maana damu yake hupungua na macho huwa ya manjano. Tena chembe hizo hukwama katika mishipa midogo na kuziba njia. Hapo ndipo maumivu makali ya mifupa hutoka. Dalili huanza mtoto akipita miezi sita hivi, na mara nyingi ya kwanza ni kuvimba mikono na miguu.

JARIBUNI WENYEWE KWA MAHINDI

Chukueni vikombe viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Katika kila kimoja wekeni punje moja nyeupe na moja ya manjano. Ya manjano ndiyo agizo lenye kosa. Mtu afumbe macho, atoe punje moja katika kila kikombe. Huyo ndiye mtoto. Rudisheni punje, mtoe tena, mara nyingi.

Mtaona kwamba kwa kila mimba, bahati ya kupata mtoto mgonjwa ni moja kati ya nne, mbebaji ni mbili kati ya nne, na asiye na kosa lolote ni moja kati ya nne. Wengine hudhani kwamba akizaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Punje zinarudishwa kikombeni kila mara, kwa hivyo nyumba moja yaweza kupata wagonjwa watatu mfululizo na nyingine isipate hata mmoja. Kama ni mzazi mmoja tu aliye mbebaji na mwenzake hana kosa, hawatapata mtoto wa aina hii ya ugonjwa, ila wengine watakuwa wabebaji.

Watoto wenye ualbino pia hupatikana kwa njia hii. Wazazi wote wawili ni weusi, kila mmoja akibeba bila kujua. Mama asishtakiwe uzinzi.

MBONA NI MWINGI KWETU?

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona wabebaji ni wengi Pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini wachache sana nyanda za juu penye baridi. Mwaka 1954 alieleza sababu: ni malaria. Mbebaji hukingwa kiasi asiuawe na malaria kali, basi kwa vizazi vingi wabebaji waliishi na kuzaa. Kumbe jambo lililowaokoa babu zetu ndilo linalotuumiza leo. Lakini mtoto mwenye sikoseli hana kinga hiyo. Malaria ni hatari kubwa kwake.

KUMTUNZA MTOTO

1. Apimwe damu mapema. Akijulikana, hupewa penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano, na dawa ya foliki.

2. Apate chanjo zote, alale ndani ya neti, na apewe dawa ya kuzuia malaria kama daktari anavyoagiza.

3. Anywe maji mengi. Asikae na nguo zilizolowa mvua, wala asioge mtoni kwenye baridi. Mwalimu aambiwe, amruhusu kunywa maji na kwenda choo.

4. Asipewe vidonge vya madini ya chuma bila daktari kusema.

5. Mpelekeni hospitali upesi akiwa na homa, akishindwa kupumua, akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, au upande mmoja wa mwili ukilegea. Msingoje asubuhi.

6. Ulizeni juu ya haidroksiurea. Dawa hii hupunguza maumivu, na lazima mgonjwa awe anapimwa damu.

Vijana wanaotaka kuoana wanaweza kupimwa wajue hali yao. Kipimo si cha kuvunja uchumba. Ni cha kuwapa habari ili waamue wenyewe.

KIKUNDI KILIFANYA NINI?

Baada ya mahindi yale, mume wa yule mama alikubali kupimwa. Wote wawili ni wabebaji. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ni sisi wawili." Kikundi hakikumtoa mama. Sasa kila mkutano wanaweka shilingi ishirini za nauli ya hospitali. Mtoto bado huugua, lakini mama hakosi wa kumsindikiza.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Je, kwetu kuna mama anayelaumiwa kwa ugonjwa wa mtoto? Tumemwuliza kadi inasema nini?

2. Mtoto akishikwa na homa usiku, nauli itatoka wapi?