Giza la Kivu na Darubini za Usiku

Mwezi Novemba 2012, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma katika nchi jirani ya Kongo, maofisa wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba waasi hao walikuwa na vifaa vya kuonea usiku. Vifaa hivyo si vya aina moja. Darubini inayokuza mwanga hutegemea nyota na mbalamwezi. Ndani ya msitu mnene haifai sana, na askari akiwasha taa yake ya mwanga usioonekana kwa macho, adui mwenye darubini kama hiyo humwona mara moja. Ile ya joto haihitaji mwanga wowote, lakini humwonyesha mtu kama umbo tu: sare haitambulikani, wala mkimbizi hapambanuki na mpiganaji. Huko Kivu, ambako raia hukimbia vita hata usiku, kasoro hiyo ndiyo inayompasa kamanda kuipima kwanza.