Mnataka kukodi gari mwende Serengeti? Someni hapa kabla hamjatoa advansi

Haya wadau wa Geita, Kahama, Shinyanga mjini na vitongoji vyake, leo tuongelee magari ya kukodi.

Wenzetu Ulaya wana mtindo wa kukodi gari lenye vitanda na jiko humo humo ndani, familia inazunguka nchi tatu nne bila kulala gesti. Huku kwetu kitu cha karibu ni zile Land Cruiser zenye hema juu ya paa zinazokodishwa Arusha, na wateja wake wengi ni watalii wa nje. Sisi Kanda ya Ziwa mambo yetu ni Noah au Coaster: washikaji mnachanga, mnakodi, alfajiri mko barabarani.

Na njia imekuwa rahisi. Tangu Juni 2025 lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, mtu wa Geita hasubiri tena kivuko. Unapita Sengerema, Busisi, Usagara, Mwanza, Magu mpaka Lamadi. Geti la Ndabaka la Serengeti liko jirani tu, kando ya barabara ya Musoma. Wa Shinyanga mnapitia Misungwi, mnakutana na wenzenu Usagara.

Sasa ngoma iko kwenye karatasi za gari. Wengi tunaangalia rangi na muziki, bei ikipungua tunafurahi. Kumbe angalia haya:

1. Namba ya gari. Nyeupe ni gari la biashara, njano ni gari binafsi. Ukimlipa mtu akubebe kwa gari la namba ya njano, elewa kwamba bima ya gari binafsi kwa kawaida haihusu kubeba watu kwa malipo. Likipinduka, kampuni ya bima ina sababu ya kugoma kulipa, na bili za hospitali mnabaki nazo nyie.

2. Aina ya bima. Bima ndogo inalipa madhara waliyopata watu wengine, lile gari lenyewe hailigusi. Kama mnaendesha wenyewe na gari lina bima ndogo, mkiligonga mwenye gari atawadai nyie. Bima kubwa ndiyo inayolihusu na gari, ila uliza kuna kiasi gani mteja anajilipia mwenyewe.

3. Leseni ya dereva. Kubeba abiria kunataka daraja C: Noah ni C2, Coaster ya abiria chini ya 30 ni C1. Mwenye daraja D peke yake ni wa gari binafsi. Jihadharini na deiwaka anayeletwa dakika ya mwisho! Na gari la abiria liwe na leseni ya LATRA. Coaster yenye njia yake ikitoka nje ya njia hiyo, mwenyewe akachukue kibali.

Uzuri ni kwamba hapo hapo kafe ulipokaa unaweza kuhakiki. Ingia mfumo wa TIRA, weka namba ya gari, utaona kama bima ipo hai. Ingia mfumo wa faini wa Polisi, utaona deni la gari hilo. Dakika tano tu. Gari lenye deni kubwa linaweza kuzuiwa njiani na safari yenu ikaishia hapo.

Halafu andikianeni, hata ukurasa mmoja: siku ngapi, mafuta ya nani, posho na malazi ya dereva nani analipa, gari likiharibika nani analeta lingine. Pigeni picha michubuko yote kabla ya kuondoka. Kagueni jeki na tairi la akiba.

Mwisho, Noah iwafikishe getini tu kama ni masika. Upande ule wa magharibi una udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha gari linalovuta tairi mbili linazama. Bebeni vitambulisho vya taifa ili mlipe kiingilio cha Mtanzania, ambacho ni kidogo sana kuliko cha mgeni.

Gari la bei chee lisilo na karatasi si rahisi, deni lake linakuja baadaye. Mdau mwenye uzoefu na njia hii atiririke hapo chini, tufaidike wote.