Kengele Zitambaazo: Kampanula, Tikini na Bustani za Zegereni

Kampanula ni jenasi, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, ambayo inahesabiwa kuwa na spishi zaidi ya 400, nyingi zikiwa wenyeji wa nchi za baridi za kaskazini mwa dunia. Zile fupi zinazothaminiwa na watunza bustani wa Ulaya, mathalani Campanula portenschlagiana iotayo katika miamba ya Dalmatia nchini Kroatia, hutambaa na kufunika ardhi kwa maua ya zambarau yenye umbo la kengele. Mimea hiyo imeumbwa kwa majira ya baridi na udongo usiotuamisha maji. Kwa hiyo ikipandwa Zegereni, katika uwanda wa Pwani ambako masika ya Machi hadi Mei huleta joto na unyevu kwa pamoja, hudhoofika na mara nyingi huoza kuanzia shinani. Kuagiza mbegu zake kwa bustani za Kibaha au Kisarawe ni kupoteza fedha.

Hasara hiyo haina sababu, kwa kuwa uwanda huohuo una tikini, Asystasia gangetica, ambayo ingawa ni ya familia nyingine, ile ya Acanthaceae, ina ua linalofanana mno na kengele: mrija mweupe unaopanuka kuelekea mdomoni na kugawanyika ndewe 5, ya chini ikiwa na madoa ya zambarau. Hustawi chini ya mikorosho na kandokando ya njia, hulisha nyuki na viwavi vya vipepeo, na majani yake machanga hupikwa kama mboga, lakini wakati wa palizi hung'olewa na kutupwa pamoja na magugu, jambo ambalo kwa hakika linastahili kuachwa.

Njia nyepesi ya kuipanda ni kwa vipandikizi, yaani vipande vya shina, vyenye pingili mbili au tatu, ambavyo huchomekwa mwanzoni mwa mvua, pingili moja ikiwa ndani ya udongo kwa sababu hapo ndipo mizizi huchipua. Udongo wa kichanga, ambao hupitisha maji na rutuba upesi, huhitaji kuchanganywa na samadi iliyooza vizuri, na kivuli chepesi cha mwembe huusaidia mmea kustahimili kiangazi bila kumwagiliwa kila siku. Ukiachwa hurefuka na kuegemea vichaka, hivyo hupunguzwa kila baada ya kuchanua ili ubaki mfupi na mnene.

Upunguzaji huo una faida nyingine iliyo kubwa zaidi. Tunda la tikini ni kibonge kikavu ambacho hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali na mmea mama, na ndiyo maana spishi hii, iliyo mwenyeji asiye na madhara huku, imekuwa gugu sugu katika mashamba ya michikichi ya Malaysia; mtunza bustani anayetaka ibaki ndani ya tuta lake hukata vibonge vingali vya kijani.