Uvimbe Usiopungua

Leo tuzungumze juu ya uvimbe, ule unaoota pajani, begani au chini ya goti na mwenyewe akasema, "Hauniumi, acha ukae."

Uvimbe mwingi ni wa mafuta tu. Ni laini, unateleza chini ya ngozi, wala hauna neno. Lakini kuna saratani iitwayo sakoma, inayoanzia kwenye nyama, mafuta au mfupa. Haipatikani sana, ndiyo maana watu huisahau.

Utaitambuaje? Chukua yai la kuku. Uvimbe uliofikia ukubwa huo, yaani sentimita 5 hivi, au unaozidi kukua, au ulio ndani kabisa kwenye msuli, au uliowahi kutolewa ukarudi, nenda ukaonwe. Usingoje uume. Mwingi hauumi mwanzoni.

Kwa vijana kuna jambo jingine. Sakoma ya mfupa huwapata zaidi wanapobalehe, na mara nyingi hukaa karibu na goti. Kijana husema aliumia mpirani. Mama humkanda kwa maji moto, au baba humpeleka kwa fundi wa mifupa, na miezi inapita. Jeraha la mpira hupungua siku hadi siku. Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, au yanayoendelea wiki baada ya wiki, yanataka eksirei. Na teke la mpira halileti saratani. Linawafanya tu mwutazame huo mguu.

Ukifika zahanati, eleza uvimbe ulianza lini na umekua kiasi gani. Muuguzi aupime kwa tepu, aandike, akupe barua ya rufaa. Usikubali mtu aupasue palepale akitafuta usaha. Kipande cha kupimwa huchukuliwa katika hospitali kubwa ya rufaa, kama Kenyatta au ile ya Moi kule Eldoret, kwa kushauriana na daktari atakayekupasua, kwani hata njia ya sindano hupangwa. Ukikatwa ovyo, chembe za saratani huingia kwenye nyama iliyokuwa nzima, na upasuaji wa pili unakuwa mkubwa zaidi.

Najua wengi hutoroka wakisikia habari ya kukatwa mguu. Mara nyingi mguu huokolewa, hasa mtu akiwahi. Muulize daktari waziwazi. Beba picha zote za eksirei, na uhakikishe umejiandikisha SHA kabla ya safari, maana NHIF ilikoma mwaka 2024.