Utambulisho wa Droni Angani: Jina Hufichwa, Mahali Hufichuliwa

Makala haya yanafafanua kanuni ya Marekani inayozitaka droni zijitambulishe zikiwa angani. Hoja yake kuu ni kwamba kanuni hiyo hulinda jina la mrushaji lakini hufichua mahali alipo, na kwamba ulinzi wa jina hautoshelezi faragha yote.

Kanuni ilichapishwa Januari 2021 na Mamlaka ya Shirikisho ya Usafiri wa Anga, FAA. Warushaji walitakiwa kuitekeleza kuanzia tarehe 16 Septemba 2023, ingawa FAA iliahirisha utekelezaji wa adhabu hadi tarehe 16 Machi 2024. Huhusu droni zinazopaswa kusajiliwa. Za burudani zisizozidi gramu 250 hazimo.

Zipo njia tatu za kuitekeleza: kutumia droni iliyoundwa ikiwa na uwezo wa kujitambulisha, kufunga kifaa cha utambulisho kwenye droni isiyo na uwezo huo, au kurusha droni bila utambulisho ndani ya maeneo yaliyotambuliwa na FAA.

Kwa mawimbi ya redio kama Wi-Fi au Bluetooth, droni hutangaza namba ya utambulisho, mahali ilipo, kimo, mwendo na wakati. Droni ya njia ya kwanza hutangaza pia mahali kilipo kituo cha kuiongozea. Kifaa cha kufunga hutangaza mahali droni iliporukia. Yeyote aliye karibu mwenye simu inayofaa anaweza kuzipokea taarifa hizo. Kuoanisha namba na jina la mmiliki, hata hivyo, ni jambo la FAA na vyombo vya usalama vilivyoidhinishwa.

Katika shauri la RaceDayQuads dhidi ya FAA, mwezi Julai 2022, Mahakama ya Rufani ya Washington, D.C. ilikataa dai kwamba kanuni inakiuka Marekebisho ya Nne ya Katiba, kwa kuwa droni kwa kawaida hurushwa hadharani. Shauri liliipinga kanuni kwa ujumla wake. Hivyo, halikuhitimisha kila swali kuhusu matumizi ya taarifa hizo.

Mara nyingi kanuni hii hulinganishwa na kibao cha namba cha gari. Mlinganisho huo una upungufu: dereva yumo ndani ya gari lake, ilhali mrushaji amesimama mbali na droni, pengine peke yake. Taarifa inayomwezesha polisi kumfikia mrushaji karibu na uwanja wa ndege ndiyo inayomwezesha mtu mwenye hasira kumfikia pia. Kwa hiyo, suala la msingi ni nani aruhusiwe kujua mahali alipo mrushaji.